Chujio la mkaa wa mifupa (ndoo mbili), Usa River: linafanya kazi, ila kuna kitu muuzaji hakwambii

Naanza na jibu kwa wale wasiopenda kusoma marefu: linafanya kazi. Floraidi, yale madini ya kwenye maji yetu yanayotia meno kahawia, inatoka. Kama unakaa huku Arusha, Usa River, Maji ya Chai, Ngarenanyuki, Oldonyo Sambu na huko kote watoto wanakoota meno ya kahawia, na nyumbani kwako kuna mtoto mdogo, nunua, usisubiri mtu akushawishi. Ila usinunue kwa yeyote tu, na ukishalifunga jikoni usidhani umemaliza kazi. Hapo kwenye kumaliza kazi ndio nitakaa sana huko chini, kuweni wavumilivu.

Kwa ambao hawajaliona. Ni ndoo mbili za plastiki za lita 20 zimebebana, ya juu imetobolewa matundu chini na ndani imejazwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliopondwa ukawa chenga ndogo ndogo, chini ya mkaa kuna kokoto safi, juu kuna kitambaa. Ndoo ya chini ina koki. Unamimina maji juu, yanashuka yenyewe polepole, unakinga glasi chini. Hakuna umeme, hakuna swichi, hakuna cha kuharibika zaidi ya koki (na koki kweli inavuja, nitarudi hapo). Nilitoa elfu 85 pamoja na mkaa wake, nadhani mwenyeji anayejua kuomba kupunguziwa angetoka na 70, mimi fundi alishasikia natokea Ulaya ikawa nongwa.

Kwanini nimejali kiasi hiki mpaka naandika. Mi ni mtu wa Maji ya Chai, nimezaliwa hapo nimesoma hapo na meno yangu yanajitambulisha yenyewe, yani nikicheka tu mtu wa Dar anajua nimeshuka na basi la wapi. Sasa hivi nasoma masta ya afya ya jamii Birmingham, Uingereza, nipo nyumbani likizo. Na huko darasani wiki za mwanzo mwalimu wa afya ya mazingira akatuwekea ramani ya Bonde la Ufa, ikashuka Ethiopia, Kenya, ikaja mpaka kwetu, mi nikajivuta mbele ya kiti kwa furaha kwamba leo tumetajwa, alafu slaidi iliyofuata ikawa picha ya meno. Mdomo wa mtu umefunuliwa na vidole vya glavu, meno ya kahawia yenye vishimo. Darasa zima likatoa ile sauti ya masikitiko. Nikafunga mdomo. Jamaa mmoja Mhindi aliyekaa pembeni yangu akanigusa mkono akanionyesha meno yake, na yeye yupo timu hiyo hiyo, kwao ni Nalgonda, sehemu ambayo maji yake yamesumbua watu mpaka ile njia ya kutoa floraidi kwa shabu na chokaa inaitwa kwa jina la hapo dunia nzima. Tokea siku ile tunakaa pamoja na tukicheka tunacheka bila kuziba mdomo.

Lakini kilichoniacha hoi ni kingine. Birmingham wanaweka floraidi kwenye maji. Makusudi kabisa, tangu 1964, wanalenga miligramu 1 kwenye kila lita. Kitu ambacho bibi yangu angelipa hela kitolewe, wale wanalipa hela kiwekwe. Nikashika kichwa. Ukisoma ndio unaelewa kwamba hakuna ukichaa, ni suala la kipimo tu. Kidogo kinasaidia jino lisitoboke, shirika la afya la dunia linasema mwisho uwe miligramu 1.5 kwa lita, ukivuka hapo meno ya watoto yanaanza madoa, ukivuka sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, mgongo unakaza, na kwa watoto miguu inapinda. Sisi tuliokulia kule miguu ya hivyo hatujaiona kwenye slaidi, tumeiona kanisani. Na maji ya kwetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru ndio yanabeba hayo madini, hakuna aliyelogwa wala aliyekosa kupiga mswaki. Nasisitiza hilo la mswaki maana shuleni tulichapwa kwa ajili ya hayo meno, mwalimu anakagua usafi Jumatatu, ukifungua mdomo umeshahukumiwa, na wengine walikua wanasugua na majivu mpaka fizi zinatoa damu.

Na hata hiyo habari ya floraidi kuzuia meno kutoboka, waliijua kwa kupitia watu wenye meno kama yetu. Daktari wa meno Mmarekani anaitwa Frederick McKay alifika Colorado Springs 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, akashangaa hayaozi ovyo, akahangaika nalo miaka na miaka, na ni mpaka 1931 mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipopima maji na kukuta ni floraidi. Baada ya hapo wakaanza kutafuta kiasi gani kinafaa bila kutia doa, na 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza kuiweka kwenye bomba. Kwahiyo ukitaniwa tena mwambie mtu dawa yake ya mswaki imetokana na midomo kama yetu.

Maisha ya maji kule ni ya kitajiri kwa namna ambayo hawaijui. Maji ya Birmingham yanatoka milimani Wales, bonde linaitwa Elan, yanasafiri kama kilomita 118 kwa mtelemko tu tangu 1904, unafungua bomba la jikoni unakunywa. Niliuliza wenzangu wa hosteli, wazawa kabisa, kama wanajua maji yao yana floraidi. Wengi hawakua na habari. Mmoja alibisha kabisa, anasema hiyo ni stori ya mitandaoni, akaingia kwenye tovuti ya kampuni ya maji akaandika posikodi ya pale hosteli, ikamletea vipimo vya maji ya mtaa ule, floraidi, klorini, kila kitu na namba zake. Akasema eh kumbe, akazima simu akaendelea kupika tambi zake.

Mimi nilibaki nimesimama pale na wivu. Sio treni, sio barabara, sio ile baridi wanayoisifia. Ni hiyo ya kuandika posikodi. Kwamba kuna mtu hujawahi kumuona anapima maji yako na akikuta yamezidi ni kazi yake kushughulika, wewe unaweza kuishi mpaka uzeeke hujui hata hilo neno floraidi. Sasa shikeni hapo tuje Usa.

Fundi wangu yupo nyuma ya barabara kuu, hana kibao na ameomba nisimtangaze maana tayari oda zinamshinda, ila ukifika Usa ukiuliza kwa wauza ndoo utaonyeshwa. Mifupa anaitoa machinjioni, anaichemsha kutoa mafuta, anaikausha, alafu anaichoma kwenye tanuru lililozibwa ili hewa isiingie nyingi. Hapo ndio utaalamu wote ulipo. Ikichomwa kidogo inabaki na kahawia ndani, maji yake yatanuka mfupa na hutoyanywa. Ikichomwa kupita kiasi na hewa nyingi inakua nyeupe, hiyo ni majivu tu, uwezo wake unashuka sana. Inatakiwa nyeusi inayoelekea kijivu, ukiivunja ndani ni rangi ile ile. Alinivunjia vipande kadhaa mbele yangu bila kuombwa, nikampenda hapo hapo. Inavyofanya kazi ni rahisi, mfupa unapenda floraidi, wa ng'ombe na wa kwako ni kitu kimoja, kwahiyo unaipitisha kwanza kwa ng'ombe ambaye hana cha kupoteza.

Kuna mama alikuja wakati nipo pale akauliza swali ambalo najua wengi wanajiuliza kimya kimya. "Kaka, samahani, naomba nijue, huyu ng'ombe kachinjwa na nani?" Fundi akacheka akasema "dada yangu, machinjioni pote Arusha anayechinja unamjua, na nguruwe hapa hapiti hata geti." Mama akauliza tena habari ya nguruwe, akajibiwa tena, akalipa. Nimependa kwamba hakujibiwa kwa dharau, maana darasani kule tunasoma mlolongo wa miradi iliyokufa kwa sababu mtaalamu aliona swali kama hilo ni ushamba.

Kufunga. Siku ya kwanza usiyanywe kabisa. Maji yanatoka meusi yenye harufu ya kuungua, ndoo baada ya ndoo, mimi nilimwagia migomba mpaka mama akaniuliza kama nimekuja kuchuja maji au kufungua shamba la umwagiliaji. Endelea tu mpaka yawe meupe na yasinuke. Baada ya hapo ladha ni nzuri, hata ile chumvi chumvi ya maji yetu inapungua. Kasi ni ndogo, ukijaza usiku asubuhi una maji ya kutosha kunywa na kupika kwa familia ya kawaida, lakini msianze kuogea na kufulia, floraidi haiingii kwa kunawa uso. Koki iliyokuja na ndoo ilivuja, nikabadilisha na ya chuma kutoka duka la vifaa, tatizo likaisha. Na tafadhali mfuniko. Ndoo ya juu ilikuja na mfuniko uliotobolewa katikati "ili upumue", mi sijaelewa nani anapumua, inzi anaingia hapo. Nimeweka mwingine.

Jambo moja la kuelewana, chujio hili sio la vijidudu. Mkaa wa mifupa unavuta floraidi, kuhara ni kesi nyingine. Kwahiyo sisi tunachuja kwanza alafu tunachemsha. Na kinyume chake pia, kuchemsha hakutoi floraidi. Mama yangu miaka yote alijua akishachemsha kamaliza, na ndivyo alivyofundishwa kliniki kwa ajili ya kipindupindu na typhoidi, somo sahihi kabisa kwa ugonjwa ule. Sasa maji yakichemka yanapungua kwa mvuke, floraidi haiendi popote, inabaki kwenye maji machache zaidi. Nilivyomwambia alikaa kimya kidogo akasema "kwahiyo nilikua nawakolezea". Nikabadilisha mada haraka, maana yeye ndiye aliyetembea na dumu kichwani.

Vita kubwa haikua maji, ilikua magadi. Hakuna makande nyumbani kwetu bila magadi, maharage yanaiva haraka, mkaa wa kupikia unaokolewa, na ladha ndiyo hiyo tuliyozoea. Na magadi yetu haya ya kuokota huku ukanda wa ziwa Natron yanakua na floraidi nyingi tu, watafiti walishaliandika hilo kwa Arusha na Kilimanjaro. Unachuja maji usiku kucha alafu unarudisha kwa kijiko. Nilijaribu kumweleza mama kama nilivyofundishwa, taratibu, kwa heshima, na yeye akanisikiliza kwa heshima ile ile alafu akatia magadi. Tumefikia kwamba chakula cha mjukuu kinapikwa pembeni, maharage yanalowekwa usiku. Ya wakubwa yabaki. Nadhani nimeshinda pale palipohitajika, maana mjukuu ndiye mwenye meno bado yanajengwa ndani ya fizi.

Hapa nieleze kidogo maana kaka yangu aliuliza na najua si yeye peke yake, "kwahiyo tukinywa haya meno yanarudi meupe?" Hayarudi. Doa linaingia wakati jino linatengenezwa, tangu mtoto mchanga mpaka kama miaka 8, na yale ya mbele yanayoonekana yanaumbwa mapema zaidi. Jino likishatoka na rangi yake limetoka. Mtu mzima chujio linamsaidia mifupa, meno aende kwa daktari wa meno au ayazoee kama mimi. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji ya kisima cha kwetu, kwahiyo mtoto anayenyonya amekingwa, shida inaanza siku ya uji wa kwanza. Ukiwa na hela ya chujio moja tu, lenga hapo, uji na maji ya kunywa ya mdogo kuliko wote.

Haya, sasa ile kasoro. Mkaa unajaa. Kila chenga ina nafasi zake, zikishajaa ni kama daladala ya jioni pale Kilombero, Arusha mjini, floraidi nyingine inapita inakuja kwako kwa miguu. Na siku ukijaa hakuna kinachobadilika. Maji ni yale yale meupe, ladha ile ile, kasi ile ile, koki ile ile. Floraidi haina rangi, haina harufu. Utaendelea kumimina na kukinga kwa imani na mtoto atakunywa yale yale niliyokunywa mimi, tofauti ni kwamba sasa yamepita kwenye ndoo ya elfu 85.

Hii sio hadithi ya kutunga. Binamu yangu wa Ngaramtoni alinunua la aina hii kwa duka moja mjini, duka silitaji, akaambiwa "hii dada ni ya maisha, osha ndoo tu". Ya maisha! Nilivyokuja likizo nikaomba kuangalia, mkaa wenyewe karibu wote mweupe, yani ule wa kuchomwa kupita kiasi niliousema, ukiusugua kwa kidole unapaka kama chaki. Tulichukua chupa ya maji kabla ya chujio na chupa ya baada tukapeleka kupimwa pamoja na za kwetu. Za kwetu, maji ya kisima yalikua yamezidi kiwango mara kadhaa, baada ya chujio chini ya 1.5, safi. Za binamu, kabla na baada hazikuachana kitu cha maana. Ana mtoto wa miaka miwili na alikua anampikia uji kwa yale maji, tena kwa kujidai, anawaambia majirani. Hakusema neno, alichukua ile karatasi akaikunja akaiweka kwenye sidiria. Baadae akanipigia kuuliza namba ya fundi wa Usa.

Kwahiyo linaishi muda gani? Inategemea maji yako yana ukali kiasi gani na unachuja lita ngapi kwa siku, ndio maana anayekwambia muda bila kuuliza unatoa wapi maji huyo anauza ndoo tu. Fundi wangu aliniuliza kisima kipo upande gani, tupo wangapi, akahesabu kwa kalamu kwenye boksi, akaandika kwa maka pen kwenye ndoo tarehe ya kufunga na mwezi wa kuleta mkaa ubadilishwe. Kubadilisha mkaa ni bei ndogo kuliko kununua upya, ndoo ni zile zile. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko chujio lenyewe. Lakini kipimo hana. Anakadiria kwa uzoefu, na nilimuuliza kama akipata kifaa cha kupimia atakitumia akasema "nitakitumia dada, ila nikikuta maji ya mtu yamechoka nani atalipia mkaa, mimi au yeye?" Sikuwa na jibu zuri. Kozi nzima ya uchumi wa afya na sikuwa na jibu zuri.

Hapo ndio alama zinapopungua. Kifaa nakipa tano kwa tano, huduma ya fundi nne, mfumo mzima wa kuuziana hizi ndoo barabarani naupa mbili, maana watu wanauziwa kitu kinachohitaji kuangaliwa kama vile wanauziwa sufuria. Wizara ya maji ina kituo chake pale Ngurdoto ambacho kimefanyia kazi huu mkaa wa mifupa miaka mingi, kwahiyo utaalamu upo, tena upo mlangoni kwetu. Nashauri kabla hujanunua popote ulize kwanza huko mkaa mzuri unaonekanaje, alafu ukienda dukani uvunje chenga mwenyewe.

Njia nyingine kwa kifupi. Maji ya dumu ya kujaza madukani yanategemea mashine. Kama ni RO, ile inayosukuma maji kwa presha kwenye utando, floraidi inatoka vizuri. Kama ni chujio la mchanga na taa ya UV tu, umeua vijidudu na floraidi umeondoka nayo kwenye dumu. Muulize muuzaji, akianza kukwambia "maji yetu ni safi sana" bila kujibu, ondoka. Maji ya chupa kila siku kwa familia ni ya mwenye mshahara. Maji ya mvua ndio bora na ndio bure, hayana floraidi ya kuhangaisha, bati safi na simtanki ukikinga masika vizuri unaweza kumpikia mtoto muda mrefu sana, na nashangaa tunavyoyaacha yaende mtoni. Kuna lile chujio la nano la Dr Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapo Tengeru, lililompa tuzo ya uhandisi ya Afrika 2015, ile inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mwalimu wangu mmoja alilitaja darasani na safari hii nilikaa wima, ila sijalitumia nyumbani kwahiyo silipi alama. Na wa mjini mliopata bomba la mradi mpya mshukuru Mungu, alafu mkaulize mamlaka kipimo cha floraidi cha mtaa wenu ni ngapi. Ulizeni tu, ni haki yenu, mkijibiwa andikeni ukutani.

Kingine nilichokisahau, chai. Majani ya chai yenyewe yana floraidi, mmea unaivuta kutoka udongoni, kwahiyo ile ya mtoto wa miaka miwili kupewa chai ya rangi kila asubuhi tuiache. Mama yangu yeye analalamika kwamba kwa maji ya chujio chai imepauka, haina ule weusi, na anahisi nimemletea maji ya hospitali. Anaongeza majani. Sijabishana.

Naondoka kurudi chuoni karibuni na nimemuachia mdogo wangu wa kiume kazi ya kusoma ile tarehe kwenye ndoo, nimemuwekea na kengele kwenye simu yake, na hela ya mkaa nimempa shangazi maana mdogo wangu namjua. Kama kuna mtu wa Ngarenanyuki analo hili chujio na amewahi kupima, naomba aseme mkaa ulichukua muda gani kuchoka, huko maji ni makali kuliko kwetu na fundi anasema wateja wa huko wananunua, wanashukuru, alafu hawarudi kubadilisha.